Kalibu Mbili za Choroa

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Karakana hakunisalimu. Aliweka vipande viwili vya chuma mezani, akanipa tupa, akasema nijaribu kuvikwaruza vyote viwili. Cha kwanza kiliacha unga wa kijivu. Cha pili kilikataa. Tupa iliteleza juu yake kama kiatu kwenye sakafu yenye sabuni, ikatoa mlio mwembamba ulionisisimua meno.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, na kichwa changu kilijaa majina ya vyuma. Nikajibu kwamba cha pili ni chuma cha aina nyingine.

"Ni chuma kimoja. Nilikikata mara mbili jana. Nusu imeenda motoni na kuchovywa kwenye mafuta, nusu haijaenda." Akanyoosha mkono. "Sasa tunaweza kusalimiana. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia naitwa Mueni, nyumbani ni Kola. Yeye pia alikuwa wa Kola, upande wa juu wa mto, lakini hilo halikunipunguzia kazi hata kidogo. Kwa muda mrefu nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ile, na alinifokea sawasawa na wanaume.

Kiwanda chetu kilikuwa Athi River, mahali ambapo vumbi la saruji lilitua juu ya nguo ulizoanika kabla hazijakauka. Tulitengeneza beji za shule, za mahoteli, za walinzi, na kwa mkataba maalumu, za jeshi. Vijana wanaponiuliza nilifanya kazi gani hudhani nilishona. Beji ya kofia ya askari haishonwi. Inapigwa. Unachukua bati la shaba ya njano, unaliweka juu ya kalibu, halafu mashine inalishindilia kwa nguvu hadi shaba inaingia kila mfereji. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha ndani yake, kinyumenyume: panapotokeza kwenye beji, kwenye kalibu pamezama. Ukiitazama kwa mara ya kwanza huoni mnyama wala maandishi, unaona shimo lenye makunyanzi. Baada ya miaka michache unaona mnyama kabla hujaona chuma.

Kikosi kimoja kilichotuagiza beji kilikuwa na alama ya choroa, yule mnyama wa nchi kavu mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki. Msimamizi aliichonga kalibu ya choroa mwenyewe, kwa mkono, chini ya lenzi, akitumia kile tulichokiita kalamu: kijiti cha chuma chenye ncha kali na kishikio cha mti kinachokaa kwenye kiganja. Alikuwa akisukuma kalamu polepole, akipuliza unga, akisukuma tena. Wiki nzima ilikwenda kwenye jicho peke yake. Mimi nilikaa kando nikisaga kalamu zake na kutazama, na ninakiri nilipenda kutazama kuliko kusaga.

"Unaona nini?" aliniuliza siku moja bila kuinua kichwa.

"Naona unavuta manyoya ya shingo kutoka chini kwenda juu, halafu mwisho unainua mkono."

"Kila mtu ana namna yake ya kuinua mkono. Mwalimu wangu alikuwa anaugeuza kidogo kulia. Mimi nikijaribu kumwiga, kalamu inateleza."

Kalibu ilipochakaa, kingo zake zikiwa zimevimba na uso ukianza kupasuka nyufa nyembamba kama matope yaliyokauka, ilikuwa lazima iuawe. Ndilo neno tulilotumia. Mwenye bohari aliitoa kabatini mbele ya shahidi, Msimamizi akaikata mfereji mrefu usoni kwa grainda, na baada ya hapo ikaenda pamoja na vyuma chakavu vilivyouzwa nje kuyeyushwa. Kalibu ya jeshi iliyo hai haitoki nje ya lango. Anayeishika anaweza kumfanya mtu yeyote aonekane askari.

Baadaye nilihamishwa idara ya ukaguzi. Mkaguzi Mkuu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Thika, mtu wa maneno machache, mwenye kikombe cha chai ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikiwa tupu. Kazi yangu ikawa kutazama beji na kalibu na kusema kama zinafaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia nta. Unailainisha kwa mikono, unaikandamiza ndani ya kalibu, unaitoa, na mbele yako una beji laini unayoweza kuigeuza kwenye mwanga upande wowote. Mara ya kwanza aliponiletea kalibu ya kughushi, ya kampuni fulani ya walinzi, niliitazama nikasema, "Hii si ya kweli."

"Hilo hata mlinzi wa lango amelisema," akajibu. "Usianze na kama ni ya kweli. Anza na imepitia nini. Imemwagwa au imechongwa? Imepigwa au haijapigwa? Imelala wapi? Ukishajua yote hayo, jibu lingine litakuja lenyewe."

Kwa hiyo nilijifunza kuuliza. Kalibu iliyopikwa kwa kumwaga chuma juu ya umbo la beji huwa na vitundu kama vya mkate, na huwa ndogo kuliko beji yenyewe, kwa sababu chuma kikipoa kinajikunyata. Iliyochongwa kwa mashine ya kompyuta huacha mistari iliyolingana mno, na pembe zake za ndani ni za mviringo, kwani ncha inayozunguka haiwezi kuchonga kona kali. Kutu nayo ina tabia zake. Kutu ya kweli huacha sehemu zilizoshikwashikwa na kubanwa. Kutu ya kupakwa chumvi na asidi huenea kote sawasawa kama rangi. Ubavuni mwa kalibu iliyofanya kazi utakuta alama za boliti nne zilizoiuma ikiwa mashineni. Mghushi hukumbuka uso. Ubavu huusahau.

Mkaguzi Mkuu alipostaafu nilikalia kiti chake. Msimamizi wa Karakana naye alikwisha kustaafu, amerudi Kola kwenye machungwa yake. Nilidhani ningemalizia miaka iliyobaki kwa amani, nikipima unene wa shaba. Ndipo likaja jambo la Matuu.

Kulikuwa na mtu aliyezunguka sokoni Matuu na vijiji vya Yatta akivaa sare, akijiita ofisa wa kuandikisha vijana jeshini. Familia ziliuza ng'ombe. Vijana waliaga nyumbani kwa maombi, wakafika kwenye lango la kambi na mabegi mgongoni, wakaambiwa hakuna anayewajua. Msichana mmoja kati yao alikaa kwenye jiwe nje ya lango lile hadi jioni, akikataa kurudi, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limemsindikiza. Yule tapeli alipokamatwa alikuwa na kofia, na kwenye kofia kulikuwa na choroa. Polisi wakafuata beji hadi kwenye kibanda cha fundi wa kufuli hapo Matuu, na chini ya meza yake wakakuta kalibu mbili.

Fundi wa kufuli alisema hakutengeneza chochote. Alisema kalibu zote mbili aliuziwa zikiwa nzima na mama wa bohari wa kiwandani kwetu.

Mama wa bohari alikuwa Ndunge. Tulikuwa tumekula chakula cha mchana kwenye benchi moja tangu watoto wetu walipokuwa chekechea. Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Meneja wa Uzalishaji alituita ofisini akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kiwanda kinaweza kupoteza mkataba, na kwamba polisi wameomba mtu wa kuzitambua kalibu. Akanitazama mimi.

"Usiende kumtetea mtu," akaniambia. "Nenda useme ulichoona."

"Ndivyo nitakavyofanya."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe, na bado nimeogopa."

Inspekta aliyeshughulikia kesi alikuwa kijana mtaratibu, na ofisi yake pale mjini Machakos ilikuwa na dirisha kubwa, jambo ambalo lilinifurahisha kwa sababu ya mwanga. Akaweka kalibu mbili mbele yangu juu ya gazeti. Nilitoa lenzi, nta, kalipa ya kupimia na tupa ndogo. Akavuta kiti chake karibu.

"Madam, naweza kutazama? Sijawahi kuona vitu kama hivi."

"Tazama, na ukiona kitu uniambie. Macho yangu yamezoea, na macho yaliyozoea huruka vitu."

Ya kwanza haikunisumbua. Vitundu vilikuwapo, ingawa mtu alijaribu kuvisugua. Kutu ilikuwa ya kupakwa. Niliipima kwa kalipa, na choroa yule alikuwa mfupi kuliko wetu kwa unene wa ukucha. Nikatoa nta na kumpa Inspekta aishike. Aliigeuza dirishani kwa muda.

"Mbona pembe moja imelainika kuliko nyingine?" akauliza. "Na pua pia, upande huohuo."

Nilichukua nta nikatazama. Alisema kweli, na mimi sikuwa nimeliona. Kwenye kalibu, pembe na pua ndizo sehemu zilizozama zaidi, na sehemu zilizozama hazichakai kwa kazi. Kinachochakaa ni kingo na uso. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Kingo zilikuwa nzima, na chini kabisa pamefutika. Nikaigeuza nta nikijiuliza hii kalibu imepitia nini, mpaka nikaelewa kwamba kilichopitia hayo si kalibu.

"Huu si uchakavu wa kalibu," nikamwambia. "Ni wa beji. Kuna askari aliyekuwa na beji hii miaka mingi, akaing'arisha kwa kitambaa kila asubuhi, akisukuma kidole gumba upande mmoja. Pembe ikalika, pua ikalika. Halafu mtu akatoa umbo la beji ile ile akalimwagia chuma. Alinakili mpaka kidole cha yule askari."

Inspekta alicheka kidogo kwa mshangao, kisha akaandika. "Kwa hiyo hii haikutoka kwenu."

"Haikutoka kwetu."

"Na hii nyingine?"

Niliivuta karibu. Nilitazama ubavu kwanza: alama nne za boliti, mahali pake. Nikatazama kona za ndani: kali, safi. Nikakandamiza nta, nikaitoa, nikaielekeza kwenye mwanga, na manyoya ya shingo yakasimama mbele yangu moja baada ya jingine, yamevutwa kutoka chini kwenda juu, kila moja likiishia na ule mwinuko mdogo wa mkono ninaoujua.

"Madam?" Inspekta akaita.

"Nipe siku chache," nikamwambia. "Hii sijamaliza kuisoma."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Nilishajua ni kalibu yetu. Na kama ni yetu, na ilikuwa ikipiga beji za matapeli, basi ilitoka bohari ikiwa hai, na funguo za bohari zilikuwa na mtu mmoja.

Jumapili iliyofuata Ndunge alinisubiri nje ya kanisa. Alikuwa amepungua, na alivaa kitenge chake cha sherehe kana kwamba anataka watu waone hajajificha.

"Wanasema umeziona," akasema.

"Nimeziona."

"Mimi sikuuza kitu, Mueni. Nilizitoa kama tulivyozitoa siku zote, mbele ya mtu, zikauawa, zikaenda. Wewe unanijua."

"Nakujua."

"Basi sema."

"Ndunge, nikisema nakujua, watasema ni rafiki yake. Wacha chuma kiseme. Nipe muda."

Alinitazama kwa namna ambayo hadi leo naiona. "Na chuma kikisema uongo?"

Nilirudi nyumbani, na wali wa siku ile niliula bila kujua ladha yake. Nilijiuliza mara nyingi kama ninamjua kweli. Hilo swali liliniumiza kuliko yote, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imenifundisha kutoamini uso wa kitu, na sasa nilikuwa nautazama uso wa rafiki yangu hivyohivyo.

Jumatatu nilirudi kwa Inspekta na tupa. Safari hii sikutazama nakshi kabisa. Nilitaka kujua chuma chenyewe. Kalibu ya kweli ni ngumu kote usoni, kwa hiyo nilianza ukingoni nikaipitisha tupa polepole, nikisikiliza. Iliteleza, ikalia ule mlio mwembamba. Nikasogea. Ikateleza. Nikasogea tena, karibu na ncha za pembe, na ghafla mlio ukakatika. Tupa iliuma. Unga wa kijivu ukatoka.

"Umeharibu?" Inspekta akauliza.

"Hapana. Hapa pana mtu aliyeharibu kabla yangu."

Nikamwomba ruhusa ya kupaka dawa, na akamwita ofisa mwingine ashuhudie. Ni asidi kidogo iliyochanganywa na spiriti, unaipaka kwa pamba juu ya chuma kilichosafishwa, unangoja, unaosha kwa maji. Chuma kilichochomelewa hakibadiliki rangi sawa na chuma cha asili, hata ukikisugua kiasi gani. Tulingoja sote watatu tumeinamia meza. Taratibu ukatokea mstari mpana wenye weusi wa namna nyingine, kama kovu chini ya ngozi. Ulipita kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya kichwa cha choroa, ukikata ncha za pembe peke yake.

Kalibu ilikuwa imeuawa. Ndunge aliitoa kama alivyosema, ikakatwa, ikaenda kwenye vyuma chakavu kihalali. Fundi wa kufuli aliikuta huko, akajaza ule mfereji kwa kuchomelea, akachonga upya ncha mbili za pembe, kazi ambayo hata mwanafunzi angeiweza. Nilifurahi hadi nikashika ukingo wa meza.

Inspekta hakufurahi upesi. "Nieleze kitu kimoja," akasema. "Kanuni yenu inasema mkate wapi?"

"Katikati. Jichoni."

"Hapa pamekatwa pembeni."

"Ndiyo."

"Na si kwa kina."

"Si kwa kina."

"Nani alikata?"

Nilimwambia. Kisha nikamwomba aniruhusu nimtangulie, niende nikamwone mimi kwanza kabla yeye hajaenda, akafikiri, akanikubalia.

Msimamizi alikuwa nyumbani kwake Kola, akikarabati tuta lililobomolewa na mvua. Alikuwa amezeeka, mikono imeanza kutetemeka, lakini aliponiona aliacha jembe akanawa kwa makini, vidole kimoja kimoja, kama alivyonawa zamani kabla ya kushika kalamu.

"Mwiitu," akasema, akiniita binti kwa Kikamba, "umekuja na uso wa ukaguzi."

Nikamweleza yote, bila kuficha wala kupamba. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipofika kwenye kovu, akawafukuza kuku waliokuwa wakiparua udongo mpya wa tuta.

"Mfereji ulipita juu ya kichwa?" akauliza.

"Juu ya kichwa. Ulikata pembe."

"Nilikusudia jicho. Niliwasha grainda, nikaielekeza kwenye jicho kama kanuni inavyosema. Halafu nikamwona yule choroa." Akakunja vidole kama anayeshika kalamu. "Wiki nzima ya jicho lile, Mueni. Nikajiambia pembe zinatosha, mfereji ni mfereji, inaenda kuyeyushwa hata hivyo. Na mama wa bohari alikuwa amesimama pale mlangoni, akageuza uso cheche zisimwingie machoni. Hakuona nilipokata."

"Ndunge ndiye aliyeshikwa, mzee."

"Nimesikia." Akainuka. "Lakini nilidhani kweli aliuza. Mungu anisamehe, nilidhani aliuza. Wakati huu wote yule mama amebeba mzigo wangu." Akaingia ndani, akatoka amevaa koti. "Huyo Inspekta anafunga ofisi saa ngapi?"

Nilimwambia si lazima iwe leo. Akasema tuta lingeweza kungoja.

Mahakamani nilisimama kizimbani kama shahidi na kueleza kalibu zote mbili, ile ya kidole gumba na ile ya kovu. Wakili wa utetezi aliniuliza maswali mazuri, magumu, na mawili kati yake nilijibu kwamba sijui. Hakimu aliomba lenzi, akatazama nta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa kupenda tu. Kisha akaitwa Msimamizi. Hakutafuta sababu. Alieleza kanuni, akaeleza alichofanya, na alipoulizwa kwa nini, akasema, "Niliionea huruma kazi yangu, na huruma ile ikaenda kuwaumiza watoto wa watu." Yule msichana aliyekaa kwenye jiwe nje ya kambi alikuwapo, amekaa na mama yake. Msimamizi aliposhuka alisimama mbele yao akainamisha kichwa. Mama mtu alimpa mkono. Msichana alisita, naye mwisho akampa.

Tapeli na fundi wa kufuli walifungwa. Msimamizi hakushtakiwa, ingawa ofisa mmoja wa jeshi, Meja, alimpa maneno makali kwenye veranda ya mahakama, na mzee aliyapokea amesimama wima. Ndunge alirudishwa kazini. Nilitegemea angekuwa na hasira nami kwa zile siku za kungoja, na alikuwa nazo. Wiki kadhaa alikula mchana kwenye benchi lingine. Halafu siku moja akaja na bakuli la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, akaliweka kati yetu, akasema, "Mimi pia ningengoja. Lakini nilitaka usingoje." Tukala.

Mahakama iliamuru kalibu zote mbili ziharibiwe kiwandani mbele ya mashahidi. Msimamizi aliomba afanye yeye. Meneja hakupenda, Meja akasema aachwe. Ile ya kughushi aliikata vipande bila kuitazama. Hii nyingine tuliibana kwenye jiliwa, akavaa miwani, akawasha grainda. Mikono ilitetemeka, gurudumu likagusa chuma likaruka pembeni. Akazima. Nikasogea nikaweka mikono yangu juu ya yake, Ndunge akasimama upande wa pili, safari hii macho wazi nyuma ya kioo cha usalama. Tuliwasha tena. Cheche zilikwenda hadi ukutani. Tulikata jicho, tukakata shingo pamoja na manyoya yote, tukaendelea hadi kipande kikaanguka sakafuni. Mzee alikiokota kikiwa bado cha moto, akakirusha kwenye ndoo ya vyuma, akauliza kama kuna chai.

Alikufa mwaka uliofuata, kwa amani, na mimi nilistaafu muda si mrefu baadaye. Kiwanda sasa kinakata kalibu zake kwa mashine ya kompyuta, na zinapochakaa zinayeyushwa ndani ya uzio, mtu akisimama hapo hadi mwisho. Vijana wa huko ni hodari. Nimewatembelea, wakanionyesha kwenye skrini choroa anayezunguka hewani, na nikawauliza maswali mpaka wakachoka.

Watu hunitumia picha kwenye simu: beji, kalibu, sarafu, wakitaka niseme kwa neno moja kama ni za kweli. Nawajibu kwamba picha haina ubavu wala haina mlio. Walete kitu chenyewe. Baadhi huja, na huwa tunakaa barazani hapa Kola saa nzima, na mara nyingi wanaondoka wakijua habari ambayo hawakuiulizia.

Juzi alikuja muuguzi mmoja wa Matuu na kalibu aliyoikuta kwenye sanduku la babu yake, aliyepigana vita vya Wazungu ng'ambo. Ina ndege ambaye simjui, na maandishi yaliyolika. Nimeikandamiza nta, nimeipima, nimeipitisha tupa. Ni ngumu kote, haikumwagwa, na alama zake za ubavuni si za mashine yoyote niliyopata kuiona. Muuguzi aliniuliza ni ya jeshi gani, na kama ni ya kweli.

"Bado sijui," nikamwambia. "Ninachoweza kusema kwa hakika ni hiki: aliyeichonga alitumia mkono wa kushoto, na hakuwa na haraka."

Ameniachia hadi mwisho wa mwezi. Iko hapa mezani, karibu na dirisha.